Bodi ndogo ya vyumba vya nyuma: waya wa 6, 10 au 16? Na ethi je?

MamaUtawala
Hamjambo wote. Nimejenga vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba yangu hapa Utawala. Kutoka bodi kubwa (sanduku la kugawa umeme la nyumba yangu) hadi bodi ndogo ya vyumba ni mita 30, na kebo itazikwa. Kila chumba kina shawa ya umeme ya kilowati 5.5, taa na soketi. Fundi wa kwanza kasema waya wa mili 6 (milimita 6 za mraba, yaani unene wa shaba ndani) unatosha, wa pili 10, wa tatu 16. Kwenye ethi, ule waya wa usalama wa kupeleka umeme ardhini, pia wanapingana: mmoja anataka kupigilia fito ya shaba kule nyuma basi, mwingine anataka waya wa ethi utoke bodi kubwa. Nimsikilize nani?

Stima_Rongai
Dada, anza na shawa. 5,500 gawa kwa 240 ni ampea 23. Wapangaji wote huoga saa kumi na moja alfajiri kabla ya kukimbilia matatu, kwa hiyo hesabu 46. Kila mmoja akiwasha birika la wati 2,000, unafika kama 62. Kwa mita 30, waya wa shaba wa mili 6 utapoteza karibu volti 13.6, wa 10 volti 8.2, wa 16 volti 5.2. Kanuni za Uingereza, ambazo mafundi wengi hapa tulifundishwa nazo, hazitaki taa zipoteze zaidi ya asilimia 3, yaani volti 7 hivi. Weka 16. Halafu angalia kama laini ya mita yako inabeba mzigo huo pamoja na nyumba kubwa.

Juakali254
Pesa ikibana, kuna alumini ya 16, ni nafuu.

Stima_Rongai
Alumini ya 16 hubeba takriban kama shaba ya 10 tu, ndugu. Na viungo vyake hulegea na kupata moto visipofungwa kwa vifaa vyake. Akipunguza mzigo, kwa mfano aweke sola ya kuchemsha maji, basi shaba ya 10 itamtosha vizuri.

BintiWaStima
Kwa waya nakubaliana. Wasiwasi wangu ni ethi. Mwaka jana niliitwa nyumba moja Kayole, mama mwenye nyumba akigusa mfereji anapigwa na umeme. Nilipofungua bodi ndogo, nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ethi zilikuwa zimebanwa kwenye baa moja, kile kipande cha chuma cha kufungia nyaya. Skrubu ya nyutro inayotoka bodi kubwa ilikuwa imelegea, naizungusha kwa kidole. Umeme ulipokosa njia ya kurudi, ulishika ethi ukaenda hadi kwenye mabomba, na watoto wawili walikuwa wakioga humo kila siku. Mama, kwenye bodi ndogo nyutro na ethi zikae kila moja kwenye baa yake, zisikutane kabisa.

Fito pekee haitoshi. Tuseme udongo wako unatoa omu 20, yaani kipimo cha jinsi unavyozuia umeme, na hiyo ni nzuri: 240 gawa kwa 20 ni ampea 12. Brika (swichi ya kujikata) ya ampea 32 haitashtuka, na bati la shawa litabaki na umeme. Leta waya wa ethi kutoka bodi kubwa ndani ya kebo hiyo hiyo, mili 16 kama laivu (waya unaoleta umeme), kisha weka RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme ukivuja. Fito iwe nyongeza.

MamaUtawala
Asanteni sana. Jana nimepita madukani Nyamakima, mjini Nairobi. Kebo iliyoandikwa 16, ni ipi ya kuamini?

Stima_Rongai
Nenda na kalipa, kifaa cha kupima unene. Waya wa 16 wa kawaida ndani ya kebo una nyuzi 7, kila moja unene wa milimita 1.70. Ukipata 1.5, hiyo ni kama mili 12 tu, hata kama ganda limeandikwa nini. Irudishe.

MamaUtawala
Nimepima mbili. Ya kwanza ilisoma 1.52, nikairudisha dukani. Ya pili 1.69, na hiyo ndiyo nimelipia, yenye nyaya tatu ndani ili ethi ije humo humo. Mtaro una kina cha sentimita 60, na nimewaambia vijana wasiufukie mpaka fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, aje Jumamosi na mashine ya kupima ethi.

BintiWaStima
Mwambie abonyeze kitufe cha majaribio cha RCD ukiwa umesimama hapo. Isiporuka papo hapo, asiondoke.