Eti "alibaki nyumbani anashona"! Wakuu, leo nimedhalilishwa

Wakuu, mikono inatetemeka. Yule mwenzetu, mnamjua, bingwa wa kusoma kichwa cha habari na kuchangia kurasa tatu, kaninukuu mbele ya jukwaa zima: "Huyo Catherine wa Aragon wako alibaki nyumbani anashona bendera." Anashona! Na vikatuni kumi na viwili vya kicheko.

Juni 1513 Henry VIII, mfalme wa Uingereza, anavuka kwenda kupigana Ufaransa, nchi nzima kamwachia mkewe, ndiye huyo Catherine. James IV, mfalme wa Scotland, kuona mwenye nyumba kasafiri, akashuka na jeshi. Septemba 9, kwenye vita vya Flodden, kalala chini yeye na maelfu ya watu wake. Sawa, uwanjani aliyeongoza Waingereza ni jemadari mzee Surrey, miaka 70. Lakini mama naye alishaanza safari ya kaskazini na jeshi la akiba. Halafu mtu ananiandikia ANASHONA.

Haya, alishona. Agosti aliandika mwenyewe kwamba kazi ya bendera na beji imemzidi. Ila baada ya vita alimtumia mumewe koti la James, lina damu, eti akafanyie bendera! Alitaka kumtuma marehemu mwenyewe, Waingereza wakagoma. Fundi gani huyo?

"Anashona." Chai imepoa, sijaigusa.

Mzee wa Chapati: Mkuu, unasusa chai kwa ajili ya mke wa mtu aliyekufa 1536?

Kisiki: Ngoja kwanza. James si alimwoa Margaret, dada yake Henry? Kwa hiyo mama kamfanya wifi yake mjane, halafu nguo ya marehemu kampelekea kaka wa mfiwa?

Mleta uzi: @Kisiki NDIYO! Sasa huyo anashona?

Kisiki: Kikao cha ukoo hicho mimi sihudhurii.

Dada Mkubwa: Afadhali yeye alishona. Fundi wangu anacho kitenge changu tangu Ramadhani. Kila nikienda, "dada, bado vifungo tu." Gauni lenyewe halina vifungo.

Mzee wa Chapati: Wa kwako ana nafuu. Wangu nilimkuta harusini kavaa suruali yangu.

Kisiki: Ilimkaa?

Mzee wa Chapati: Kunizidi mimi. Ndicho kinachoniuma.

Mleta uzi: Wakuu, Flodden jamani.

Dada Mkubwa: @Mzee wa Chapati huyo fundi wako yuko mtaa gani? Nahisi ni yuleyule.