Yule mhubiri wa kofi mbili juu ya jeneza: nani alimpa kiti cha hukumu?

#1 Mkaa_Mlangoni

Wakuu, mtanisamehe makosa ya herufi, hasira zimenijaa hadi kooni.

Mnamjua. Jina sitaji, mods wasije wakaufunga uzi bure. Yule yule wa koti jeupe, ambaye klipu yake tangu jana usiku imeingia kila kundi, hadi makundi ya kuuziana viatu. Kasimama mbele ya jeneza. Mama wa marehemu kakaa pembeni, mkono wake uko juu ya mfuniko, hauondoki. Na huyu bwana anafungua kinywa: "Huyu hakuonekana ibadani. Huyu yuko kushoto. Mbuzi!" Halafu kofi mbili juu ya jeneza, pa! pa! Ua jeupe lililokuwa juu ya mfuniko likaruka, likaangukia miguuni kwa yule mama. Naye bila aibu anadai Amina.

KOFI MBILI! Mkono wa mama uko pale pale!

Sasa wewe bwana, hiyo Mathayo 25 uliyoipigia kelele mpaka spika zikataka kupasuka, umeisoma au umesimuliwa? Anzia mstari wa 31, nenda taratibu. Mwana wa Adamu anakuja katika utukufu wake na malaika wote pamoja naye. Anaketi katika kiti cha utukufu wake. Mataifa yote yanakusanyika mbele yake. Hapo ndipo anawabagua, kondoo kuume, mbuzi kushoto, kisha ndipo anasema nao. Wewe umeruka kuja kwake, kuketi kwake na mkusanyiko mzima, umeangukia moja kwa moja kwenye kubagua. Hata karani wa mahakama hathubutu kusoma hukumu hakimu akiwa bado njiani.

Tuje kwenye mashtaka yenyewe. Ni mambo sita: mwenye njaa kupewa chakula, mwenye kiu kunyweshwa, mgeni kukaribishwa, aliye uchi kuvikwa, mgonjwa kutazamwa, mfungwa kuendewa. Orodha hiyo inapita mara nne ndani ya kifungu kimoja, hata anayesinzia hawezi kuikosa. Mahudhurio ya ibada hayamo. Kukusanyika tumeagizwa, Waebrania 10:25, sikatai. Ila kwenye kesi ya Mathayo 25 hicho kipengele umekitunga wewe, ukakisoma mbele ya maiti asiyeweza kujibu.

Na kinachoniuma kuliko vyote: soma mstari wa 37, kisha wa 44. Walio kuume wanauliza, "Bwana, ni lini tulipokuona?" Walio kushoto nao wanauliza hivyo hivyo. Pande zote mbili zinashangaa! Kondoo hawakujua kuwa ni kondoo, mbuzi hawakujua kuwa ni mbuzi, mpaka Mfalme mwenyewe aliposema. Mtu na maisha yake mwenyewe hakujua, wewe umejulia wapi, nje ya ubao uliopigiliwa misumari?

Halafu unaupiga kofi. MBILI.

#2 Bado_Nipo

Mkuu kunywa maji. Uzi mzima kofi, kofi, kofi. Jeneza lenyewe limeshasahau.

#3 Shemasi_Mstaafu

Mleta mada yuko sahihi, mwacheni aseme. Nimeitazama ile klipu ndefu. Kabla ya hayo makofi alisoma Waebrania 9:27, kwamba watu wanawekewa kufa mara moja na baada ya kufa hukumu, akafunga Biblia. Ule mstari una nukta mkato mwishoni, sentensi haijaisha! Wa 28 unaendelea kuwa Kristo alitolewa sadaka mara moja azichukue dhambi za watu wengi, na atatokea mara ya pili kwa wanaomtazamia kwa wokovu. Ukikatia kwenye 27 unamwachia mfiwa hukumu peke yake bila yule aliyekuja kuibeba. Kosa hili liko kila msiba, na linatoka kwenye kusoma aya kutoka kwenye karatasi badala ya kufungua kitabu.

Mkafungue pia Yohana 5:22. Baba hamhukumu mtu yeyote, hukumu yote amempa Mwana. Yote. Hakuna kipande kilichobaki cha kumgawia mhubiri.

#4 Ngome_ya_Rozari

Kwetu Wakatoliki mtu kama huyu asingekuwa na pa kushika. Kanisa lina utaratibu mrefu wa kumtangaza mtu kuwa mtakatifu: maisha yake yanachunguzwa, mashahidi wanahojiwa, muujiza unathibitishwa ili awe mwenyeheri (mfiadini anasamehewa huo), na mwingine tena ili awe mtakatifu. Utaratibu wa kumtangaza mtu kuwa yuko motoni HAUPO. Katika karne zote hizi halijatangaza hata jina moja, na Yuda Iskariote yumo katika hesabu hiyo.

Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa letu, namba 1857 inataka mambo matatu yakutane ndipo dhambi iwe ya mauti: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe anajua kabisa, na aridhie kwa makusudi. La kwanza unaweza kuliona kwa macho. La pili na la tatu yako moyoni mwa mtu, huko hakuna kamera. Ndiyo maana namba 1861 inasema kitendo tunaweza kukipima kuwa kosa zito, lakini mtu mwenyewe tumwachie Mungu, haki yake na huruma yake.

#5 Tarumbeta77

Mnamwonea mtumishi. Mnataka hukumu isihubiriwe kabisa? Ezekieli 33, mlinzi asipopiga tarumbeta damu ya watu itatakwa mkononi mwake. Siku hizi mkisikia neno jehanamu mnakimbilia mtandaoni kulia.

#6 Mkaa_Mlangoni

@Tarumbeta77 mlinzi wa Ezekieli anapiga tarumbeta ili watu waliomo mjini wasikie WAKAPONE. Shuka hadi mstari wa 11, Mungu anaapa kwamba hafurahii kufa kwake mtu mwovu, bali aiache njia yake akaishi. Huyu wako alikuwa anafurahia, anacheka kabisa, dakika ya pili ya klipu, kabla mkono haujashuka. Waonye walio hai hadi asubuhi, nitakuletea kiti ukae. Aliye ndani ya jeneza unamwonya nini? Na kile kiganja kilikuwa kinamwonya nani?

Msomee na Warumi 14:4. "Wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine?" Akimaliza hapo aende Yakobo 3:1, ya kwamba sisi waalimu tutapata hukumu kubwa zaidi. Hiyo nayo aipigie kofi.

#7 Jioni_ya_Sita

Nyote mnabishana juu ya mtu ambaye hajafika kuume wala kushoto. Wafu wamelala, Mhubiri 9:5. Yesu mwenyewe alisema Lazaro amelala, Yohana 11:11. Sisi Wasabato tunafundisha kwamba hukumu ya upelelezi, yaani kupitiwa kwa maisha ya watu kabla Kristo hajarudi, inaendelea katika patakatifu pa mbinguni tangu tarehe 22 Oktoba 1844, kwa siku 2300 za Danieli 8:14, siku moja kwa mwaka mmoja, kuanzia 457 KK. Na msije na kikokotoo hapa mkasema inatoka 1843. Kati ya 1 KK na 1 BK hakuna mwaka sifuri, kwa hiyo unaongeza mmoja.

#8 Ngome_ya_Rozari

@Jioni_ya_Sita na yule mwizi wa Luka 23:43 aliyeambiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi" alilala wapi? Papa Benedikto XII alishalimaliza suala hili mwaka 1336: kila roho inapokea hukumu yake ya pekee mara tu baada ya kufa, na hukumu ya mwisho bado ipo siku ya ufufuo.

#9 Jioni_ya_Sita

Hilo neno "leo" linategemea koma imewekwa wapi, "nakuambia, leo utakuwa" au "nakuambia leo, utakuwa", na koma haikuwekwa na Luka.

#10 Bado_Nipo

Tumeanza kofi, tumefika koma.

#11 Binti_Nehemia

Mimi wanaonikera ni wale wa upande wa pili, na hao ndio wengi. Kila marehemu yuko kifuani mwa Ibrahimu! Mtu kadhulumu wajane mchana kweupe, siku ya kuzikwa tunaambiwa malaika wamempokea kwa nyimbo. Nao wamejipa kiti kile kile cha hukumu, tofauti ni kwamba wanatoa vyeti vya kushinda, na wajane wake wamekaa pale wanasikiliza. 2 Wakorintho 5:10 inasema imetupasa SOTE kudhihirishwa mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo. Na 1 Wakorintho 3 imetaja vifaa vya ujenzi wazi: dhahabu, fedha, mawe ya thamani, miti, majani, manyasi. Moto unapita. Kazi ya mtu ikiteketea anapata hasara, yeye mwenyewe anaokolewa, lakini kama kwa moto. Hiyo sijaisikia msibani hata mara moja.

#12 Shemasi_Mstaafu

Dada @Binti_Nehemia, hapo umegusa. Ila tusichanganye viti. Wanaofundisha utawala wa Kristo wa miaka 1000 wanatenganisha: kiti cha Kristo ni cha waamini, wanapimwa kazi, kiti cheupe cha Ufunuo 20 kinakuja baada ya hiyo miaka, ni cha wafu waliobaki. Wengine tunaona ni siku moja, mkusanyiko mmoja. Vyovyote iwavyo, soma 20:12 kwa makini: vimefunguliwa vitabu, na kitabu kingine. Vitabu vina matendo. Kile kingine ni cha uzima, na mstari wa 15 unaonyesha kinachoamua ni jina kuonekana humo. Wahubiri wengi wanasoma vya matendo tu, kile kingine wanakiruka.

#13 Mkaa_Mlangoni

Jamani, mada. Kofi mbili. Yule mama aliinama kuliokota lile ua na mtu bado anadai Amina.

#14 Kwaya_Alto

Poleni kwa hilo. Ila mimi nina langu: wahubiri wanaosema "kuna andiko linasema" bila sura wala mstari. Mmoja kasimama akasema "Jisaidie nami nikusaidie." Haimo! Tafuteni Mwanzo hadi Ufunuo.

#15 Binti_Nehemia

Na "sauti ya wengi ni sauti ya Mungu." Haimo. Halafu "fedha ni shina la mabaya." 1 Timotheo 6:10 inasema KUPENDA fedha.

#16 Tarumbeta77

Hapo tuko pamoja. Na lile tunda la Edeni kila mtu anasema tufaha. Mwanzo 3 imesema tunda basi.

#17 Bado_Nipo

Mamajusi watatu je?

#18 Kwaya_Alto

Mathayo 2 haijataja idadi. Zilizo tatu ni tunu: dhahabu, uvumba na manemane. Tena mstari wa 11 unasema waliingia nyumbani, wala si zizini.