"Hence" imemlia mama yangu laki moja na nusu, na barua ilikuwa ya Mswahili kwa Mswahili mwenzake!

Wakuu, nina hasira, acheni niseme.

Mama ni fundi cherehani Morogoro, fremu yake analipia 150,000 kwa mwezi. Tarehe 1 Machi wakala wa mwenye nyumba kamletea barua ya Kiingereza, na muhuri juu. Sentensi yenyewe hii: "The rent shall be 200,000 three months hence."

Mama akampa mdogo wangu wa kidato cha tatu amsomee. Dogo akafungua daftari, akakuta "hence" ni "kwa hiyo", akatafsiri: kwa hiyo kodi ni laki mbili kwa miezi mitatu. Mama akajikaza. Machi laki mbili, Aprili laki mbili, Mei laki mbili. Juni akapeleka laki na nusu yake, akijua shida imekwisha. Akaambiwa haijatimia, kodi mpya ndiyo kwanza inaanza!

Maana barua ilisema kodi itapanda baada ya miezi mitatu kuanzia siku ile. Wakala alilijua hilo. Kapokea mara tatu, kakata risiti tatu, kimya. Nimempigia, ananijibu mama alilipa kwa hiari yake. Hiari gani hiyo?

Dogo simlaumu hata kidogo. Shuleni "hence", "thus" na "therefore" tulimezeshwa zote kwa mkupuo: "kwa hiyo", basi, mwalimu kafuta ubao. Hatukuambiwa kwamba "hence" kwa asili ni "kutoka hapa". Kwenye Biblia ya King James ya 1611, Mathayo 17:20, mlima unaambiwa "Remove hence". Ya kwetu inasema "Ondoka hapa". Kutoka mahali neno likahamia kwenye wakati, kuanzia sasa, ndipo baadaye likafika kwenye sababu. Kwa hiyo ukiona muda umetangulia, siku au miezi au miaka, halafu "hence" ikafuata, achana na "kwa hiyo", shika kalenda uhesabu. Na hata ikiwa ya sababu ina tabia yake: inabeba nomino tupu bila kitenzi, "hence the name", yaani ndiyo maana kikaitwa hivyo. "Therefore" haikubali hivyo.

Lakini fundi cherehani ayajue yote haya ili alipe kodi ya fremu? Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu. Halafu wakala wa mtaani anamwandikia mama wa watu Kiingereza cha mikataba! Angeandika "Kodi itapanda kuanzia tarehe 1 Juni" angepungukiwa nini?

Jumatatu naenda ofisini kwake na risiti zote tatu. Aliyewahi kudai kodi aliyolipa kupita kiasi akarudishiwa, naanzia wapi: serikali ya mtaa au baraza la kata?