Hedseti ya kuzima kelele: sikuisikia honi ya stoli. Nirudie ile ya zamani?

BintiPangani

Habari zenu wana anga. Nina saa 38 za kuruka, nasomea leseni ya urubani binafsi hapa uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenye ndege ndogo ya Cessna 172. Mpaka juzijuzi nilikuwa natumia hedseti za shule, zile David Clark za kijani zinazobana kichwa kama koleo. Kisha mjomba akaja likizo kutoka Dubai, akaniletea Bose A20 aliyoinunua kwa mtu, imetumika lakini nzima. Siku ya kwanza nilipobonyeza swichi ya kuzima kelele nilidhani injini imezimika. Nilikamata usukani kwa mikono miwili, mwalimu akacheka mpaka akakohoa.

Nimestarehe nayo wiki tatu. Alhamisi tukaenda uwanja mdogo wa Orly, huku huku Kenya, kupiga sakiti, yaani kuruka, kuzunguka uwanja na kutua tena na tena. Sakiti ya nne, nimeshageuka naikabili njia ya kutua, mwalimu akauliza, "Umesikia?" Nikamwuliza nini. "Honi ya stoli." Ni ile inayoonya kuwa bawa linakaribia kustoli, yaani kushindwa kuibeba ndege. Sikusikia kitu. Kutazama kasi, noti 50 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), wakati nilitakiwa niwe na 65. Akachukua ndege, akasukuma nguvu, tukazunguka upya. Tulipotua akasema hiyo hedseti ikae begini mpaka nimalize safari zangu zote za peke yangu. Yeye huvaa ya kijani, na aliisikia.

Swali langu: ni hedseti au ni mimi? Na ninyi mnaoruka nazo kila siku mnafanyaje? Mjomba kila akipiga simu anaulizia zawadi yake, sijui nimjibu nini. Nyongeza, navaa hijabu, kama hilo lina maana yoyote.

chapchap254

Si uzime tu swichi ukikaribia kutua? Kesi imeisha.

MzeeWaKaravani

Binti, hilo la hapo juu usilifuate. Ukizima swichi umebakiza futi 400, kelele yote inakujia kwa mkupuo, na kwa sekunde mbili tatu utaamini injini imeharibika. Hizo sekunde huna.

Mimi nimerusha Caravan, ndege ya abiria ya injini moja, kati ya Dar, Unguja, Mafia na mbuga za kusini kwa miaka 19. Miaka 12 ya mwanzo nilivaa za kubana kama za shule yenu. Leo nikilala kuna nyenje anaimba ndani ya sikio la kushoto, hana msimu, hachoki. Mke wangu akiniita kutoka jikoni namwitikia kwa kukisia. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inasema sikio livumilie desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu. Kwenye 94 una saa moja tu, na ndani ya ndege ndogo 94 si kitu cha ajabu. Kwa hiyo sitakuambia uiuze zawadi ya mjomba. Natamani ningekuwa na mjomba kama huyo mwaka niliopata leseni.

Lakini ujue imekuondolea nini. Ndani ya kila kikombe kuna maiki ndogo. Inasikiliza kelele iliyoingia, kisha spika inatoa wimbi la kinyume chake, kilima kikutane na bonde vifutane. Kazi hiyo inaiweza kwa sauti nene: mngurumo wa injini, mdundo wa pangaboi. Sauti nyembamba, kama mluzi, sauti ya mtu au honi, elektroniki haiziwezi sana. Hizo zinapunguzwa na kikombe chenyewe na sponji yake, kama ilivyo kwenye ile ya kijani.

Sasa honi ya 172 za aina mnazofundishia ni kama zumari. Kuna tundu kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Bawa likikaribia kustoli, hewa inafyonzwa kupitia tundu hilo na ulimi wa honi unalia, noti 5 mpaka 10 kabla ya stoli yenyewe. Haina waya. Haipiti kwenye intakomu (mfumo wa kuongea ndani ya ndege), kwa hiyo usitarajie ikuletee sauti ndani ya hedseti. Na imefungwa kwenye pembe ya juu kushoto ya kioo cha mbele, yaani karibu na sikio lako kuliko la mwalimu. Yeye kakaa mbali nayo akaisikia, wewe uliyekaa chini yake hukuisikia.

Ndiyo maana siilaumu hedseti peke yake. Ndege inapopoteza kasi, kabla ya honi yoyote, upepo unanyamaza. Ule mvumo kwenye nguzo za mabawa na mlangoni unashuka polepole. Saa zako 30 na kitu za mwanzo, masikio yako yalikuwa yanasoma kasi bila wewe kujua, yakinyamaziwa tu mkono unashusha pua wenyewe. Umevaa hedseti mpya, ule mvumo umeondoka, kwako kimya cha noti 65 na kimya cha noti 50 ni kimya kimoja. Macho yako yapo kwenye njia, mnara wa jirani unaongea redioni, mwalimu anaongea. Mtu aliyezama katika kutazama huwa kiziwi hata bila hedseti. Honi ikalia mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuipokea.

Hili si geni. Mwaka 2007 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilitoa taarifa kwa waendeshaji wa ndege kwamba hedseti hizi zinaweza kuficha ving'ora na sauti nyingine za ndani ya ndege. Anayegundua kuna kengele haisikii atafute njia nyingine ya kuitambua, la sivyo aiache hedseti. Ni maneno machache na yanatosha.

Nikupe kisa changu, kwa sababu honi si sauti pekee. Zamani kidogo nilitoka Mafia na ndege ya Cessna 206 kurudi Dar, abiria wanne na ndoo za samaki. Hedseti yangu ya kwanza ya kuzima kelele, najiona mfalme. Abiria wa nyuma akanigusa bega, akanionyesha mlango. Nikamtuliza kwa kidole gumba, nikijua ni mtikisiko wa kawaida. Akanigusa tena. Nikavua kikombe kimoja, nikasikia tatatatata kama mtu anapiga bati kwa nyundo. Mkanda ulikuwa umebanwa na mlango, kichwa chake cha chuma kinaning'inia nje, kinapiga ubavu wa ndege tangu tuliporuka. Tuliposhuka rangi ilikuwa imechubuka kama viganja viwili hivi. Abiria wote walikuwa wanausikia mdundo ule isipokuwa rubani.

Tangu siku hiyo nina tabia zangu. Kabla ya kuruka, kila mkanda mtupu naufunga mwenyewe. Tukishafika juu na ndege imetulia, nainua kikombe kimoja sekunde kumi, naisikiliza ndege yangu, narudisha. Kabla ya kuanza kushuka narudia. Wewe kwenye 172, ufanye hivyo pia wakati wa kukagua magneto, mitambo inayotoa cheche za injini, kabla ya kuruka. Bluetooth naizima kabla ya kuwasha injini. Hiyo A20 inaweza kuchanganya simu na redio au kunyamazisha simu redio ikiongea, inategemea swichi iko wapi, ila mimi sitaki meseji ya mkopo inilie sikioni nikiwa natafuta njia kwenye mvua. Na nikigeuka kuikabili njia naitamka kasi kwa mdomo, hata nikiwa peke yangu: "Sabini na tano. Sabini na tano. Sabini na mbili, ongeza." Abiria wa kiti cha mbele wanadhani nasoma dua.

Kabla hujarudi Orly, fanya mambo mawili. Ndege ikiwa chini, injini imezimwa, kaa kitini na hedseti imewashwa, mwenzako aweke leso safi kwenye lile tundu la bawa na kulifyonza kwa mdomo. Kitabu cha ndege kinaitaja njia hiyo kwa ukaguzi wa honi. Uijue sauti yake ikipita kwenye hedseti hii. Halafu mwombe mwalimu mpande juu ya kutosha, mruke taratibu mpaka honi ilie, mara swichi imewashwa, mara imezimwa. Na siku nyingine akuzimie swichi ya hedseti bila kukuaga, mkiwa juu, uzoee.

FundiWaHanga

Kapteni kamaliza ya hewani, mimi niongeze ya chini, kwa haraka maana nina Caravan imefunguliwa tumbo hapa.

Kama A20 yako ni ya plagi mbili, inakula betri mbili za AA. Kampuni inasema saa 45 hivi. Zikiisha unaendelea kusikia redio na kuongea, ila ukimya unaondoka ghafla. Badili kabla ya safari taa ikianza kukuonya, usingojee. Na usiache betri ndani ukienda likizo. Nimefungua nyingi zilizoota ukungu wa kijani.

Msiweke hedseti juu ya dashibodi. Spika zina sumaku. Nimeshaitwa mara tatu kukagua dira "mbovu", nakuta hedseti ya abiria imelala chini yake. Nikaiondoa, dira ikapona, nikarudi kunywa chai yangu.

Miwani ya mikono minene inapenyeza kelele nyuma ya sikio. Sponji zilizopasuka vilevile, na za mtumba huwa zimechoka, zikague. Za kusikilizia muziki, zile za dukani, si za kurushia ndege hata zikizima kelele vizuri, maana hazina maiki ya rubani.

La pembeni, kwa wapenda historia: Amar Bose alipata wazo hili akiwa abiria mwaka 1978, akirudi Boston kutoka Zurich. Mwaka 1986 Dick Rutan na Jeana Yeager walipoizunguka dunia siku tisa bila kuongeza mafuta kwenye Voyager, walivaa za majaribio. Madukani zikaja 1989. Kwa hiyo si kitu cha jana, ni sisi tumechelewa kufikiwa.

MtandioNaMabawa

Mdogo wangu, umelisema la hijabu mwishoni kama jambo dogo, na si dogo. Kikombe kinahitaji kugusa ngozi pande zote. Mkunjo mmoja wa kitambaa chini ya sponji unafungua mwanya, mngurumo unaingia, mitambo inahangaika kuufuta. Mimi yangu ilikuwa inaguruma kila nikigeuza kichwa kutazama kushoto kwenye sakiti, nikidhani ni mbovu. Na bila kujua nikawa napandisha sauti ya redio ili nishinde mngurumo. Ukishapandisha redio namna hiyo, honi itakufikiaje?

Acha mtandio wa kuzungusha siku za kuruka. Vaa kofia ya ndani ya jezi nyembamba iliyovutika vizuri bila mikunjo masikioni, mtandio upite juu ya utepe wa hedseti au ubaki shingoni, pini zisikae chini ya kikombe. Kwanza fanya nyumbani mbele ya kioo, si uwanjani na watu wanakusubiri.

BintiPangani

Kapteni shikamoo, na wote asanteni. Nimerudi na majibu.

Jumamosi mwenzangu alifyonza bawa na leso, wapakia mizigo wakatuangalia kama wachawi. Niliisikia, swichi imewashwa, nyembamba kama filimbi ya mwamuzi aliye uwanja wa pili. Sikuwahi kuijua hivyo. Kwenye ile ya kijani nilizoea iwe ndani ya kelele, kali.

Jumatatu mwalimu akakubali, kwa masharti. Tukapanda futi 8,500 (Wilson yenyewe iko juu ya futi 5,500, msije mkaona ni mbali sana na ardhi), tukaruka taratibu. Mara ya kwanza niliisikia baada yake. Mara ya tatu tulisema pamoja. Nilipovaa kofia aliyosema dada, sauti ya redio niliishusha karibu nusu ya nilipokuwa nimeiweka, na hapo ndipo nilipoona aibu, maana Alhamisi ile ilikuwa imefika mwisho.

Kuhusu kuzimiwa bila kuagwa: aliizima tukiwa tunarudi, nikiwa namsimulia mambo ya shangazi. Nilivuta usukani, pua ikapanda, noti 8 zikapotea kabla sijajua nimefanya nini. Hakucheka safari hii. Amesema nitaivaa akiwa pembeni yangu kwa saa tano zijazo, kisha ataamua. Mpaka hapo peke yangu naruka na ya kijani, na kasi naitamka kwa sauti hata nikiwa na hiyo.

Dada, hizo kofia za jezi unanunua wapi Nairobi? Nimezunguka Eastleigh nusu siku, nilizopata zote zina mshono unaopita juu ya sikio.

MtandioNaMabawa

Zigeuze nje ndani.