Kwanini wahadhiri wa meno hawatutaki sisi matabibu?

Tabibu_Bara:
Habari za mda huu wakuu. Mimi ni tabibu wa meno, diploma, niko kituo cha afya huku wilayani mwaka wa sita sasa. Juzi nimeenda kozi ya wiki moja mjini, mhadhiri mmoja (DDS, yaani ana shahada ya udaktari wa meno, kichwa kweli simkatai) akasema mbele ya darasa zima ingekuwa amri yake vyuo vya matabibu vingefungwa wabaki madaktari tu. Nikamuuliza kwa adabu, kule kwangu nani atamng'oa mtu jino saa nne usiku? Akacheka akasogeza slaidi. Sasa mnaowajua hawa walimu kwa ndani, wote wako hivi au mimi nimekutana na huyo tu? Nasikia hata Marekani walishikana mashati kwa hili hili.

GegoLaMwisho:
Pole mkuu, sio wote. Mi nimesoma DDS, walimu wazee waliowahi kupangiwa mikoani wakafanya kazi na matabibu ndo walikuwa wanawatetea, wanaopinga wengi ni wale wametoka darasani wakaenda masters wakarudi darasani. Na ukiwabana hawasemi hamjui kuziba, wanasema hamjui kutambua ugonjwa, mtu ana uvimbe wa taya anapewa antibayotiki wee mpaka anafika rufaa inabidi taya likatwe. Hapo nisiwe mnafiki, nimeona kesi za hivyo. Ila kuna kingine hawakisemi kwenye maiki, wagonjwa. Kliniki ya chuo kila mwanafunzi ana idadi ya kesi anazotakiwa kujaza kwenye logibuku, daftari lake la mazoezi, ukileta na wa diploma mnagombania midomo ile ile 😂

mamaPacha_MN:
Niko Minneapolis, kazi yangu kumsaidia daktari pale kwenye kiti. Ni kweli walishikana. Alaska walianza kwa kupeleka vijana wao kusoma New Zealand, maana huko wanafundisha watu wa aina hii tangu 1921, waliporudi vijijini kwao chama cha madaktari wa meno kikaenda mahakamani 2006, kikashindwa. Minnesota hapa sheria ikapita 2009 na chuo kikuu chenyewe kikaanza kuwafundisha, kliniki moja na wanafunzi wa udaktari. Kitakachokuchekesha sasa, wa hapa anaziba meno vizuri tu lakini jino la ukubwani haruhusiwi kung'oa, mpaka awe wa ngazi ya juu na jino lenyewe liwe linacheza. Na angalau nusu ya wagonjwa wake wawe wale wasio na uwezo. Nyie huko kung'oa ndo kazi ya asubuhi mpaka jioni.

Tabibu_Bara:
@mamaPacha_MN kumbe! Mimi nang'oa magego tangu fildi ya kwanza, kuziba ndo sizibi, kompresa (ile mashine ya hewa ya kuendesha drili) imekufa zamani.

koleo_na_ganzi:
Kompresa imekufa sio sababu bana. ART unaijua, ile njia ya kuziba jino bila mashine, unachimba kwa vifaa vya mkono unaziba, hamna drili hamna umeme. Ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 80, WHO wakaja kuipigia debe dunia nzima 1994. Halafu mwalimu anaifundisha darasani kwa mbwembwe huku anataka kumfuta mtu ambaye iliwekwa kwa ajili ya mazingira yake, mi hapo ndo sielewi.

GegoLaMwisho:
@koleo_na_ganzi 👏 ila simenti yake usipoletewa utaziba na nini, kaka, unga wa ugali?

Tabibu_Bara:
Hahaha simenti iliisha mwezi wa pili. Ila hilo la uvimbe wa taya limeniingia. @GegoLaMwisho ukipata nafasi niandikie dalili gani nikiziona nisithubutu kutoa hata dozi moja, niandike rufaa hapo hapo. Nitazibandika ukutani.

GegoLaMwisho:
Poa. Kwa kuanzia, uvimbe mgumu hauumi, unakua taratibu, na meno ya hapo yameanza kulegea bila kuoza. Huyo usimguse. Mengine nakutumia inboksi usiku.