Mjadala: Unga ukipanda bei Dar, mpaka wa mahindi ufungwe?

Mwanzisha mada, Sinza

Wakuu, kila sembe inapopanda bei hapa mjini, haiishi wiki kabla hujasikia kwenye daladala na vijiweni: serikali izuie mahindi kwenda nje. Napinga wazo hilo, na naomba tulijadili kwa hoja.

Mpaka ukifungwa, anayelipia ugali wetu ni mkulima wa ekari mbili tatu wa Songwe, Rukwa au Ruvuma. Akishalipia mwaka huu, mwaka unaofuata halimi kwa kiasi kile kile.

Tulishapita huko. Mwaka 2011 mahindi yalizuiwa kutoka. Katikati ya 2017 yakazuiwa tena, na wafanyabiashara wakaambiwa anayetaka kuuza nje asage kwanza, auze unga. Kusaga ni jambo jema, nami nalitaka. Lakini mkulima wa Sumbawanga hana kinu, na mwenye kinu hapati wateja wa unga Lubumbashi au Nairobi kwa sababu tu tangazo limetoka. Msimu uliofuata Nyanda za Juu Kusini zikajaa mahindi yasiyo na mnunuzi.

Sasa tuangalie shamba lenyewe, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Wastani wetu ni tani moja na nusu hadi mbili kwa hekta, yaani gunia sita hadi nane kwa ekari. Mtu mwenye mbegu chotara inayofaa ukanda wake, akapandia mbolea ya DAP, akakuzia ya urea, akapalilia kwa wakati, anaweza kuvuna gunia ishirini na zaidi. Ujuzi huo upo, pale kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, wanautafiti miaka mingi. Kinachomzuia mkulima ni hesabu. Ruzuku ya msimu wa 2022/23 ilishusha mfuko wa DAP au urea hadi shilingi 70,000. Mifuko miwili kwa ekari ni 140,000. Gunia likiuzwa 60,000, anairudisha kwa gunia mbili na kitu. Likiuzwa 30,000, anahitaji karibu gunia tano, bado hajalipa mbegu, vibarua wala usafiri. Hajui mpaka utakuwa wazi au umefungwa mwezi wa saba. Ungekuwa wewe, ungenunua mbolea?

Kwa hiyo tukisema "tumsaidie mkulima aongeze mavuno" huku tukidai mpaka ufungwe, tunatoa kwa mkono huu na kunyang'anya kwa ule.

Mama lishe, Mbagala

Kaka yangu, nimekusoma hadi mwisho. Lakini mimi napika. Sahani ya ugali maharage nikiongeza mia tano, mafundi wa ujenzi wanahamia kwenye chai na mihogo. Nikipunguza ugali, wananiuliza mbele ya watu kama nimeanza kupima kwa kijiko. Unga ukipanda, hasara ni yangu na watoto wangu. Sina ugomvi na mkulima, mama yangu mzazi analima Kilosa. Ila tuambie, wakati malori yanapita Tunduma, sisi tunasubiri nini?

Mfanyabiashara wa nafaka, Tandale

Dada, swali lako ni la msingi, lakini usidhani mpaka ukifungwa unga wa Mbagala unashuka kwa kiasi kile kile alichopoteza mkulima. Mahindi yanatoka kijijini kwa trekta au bodaboda hadi barabarani, anayapokea mkusanyaji. Kuna ushuru wa halmashauri, kuna Fuso, mafuta, wapakiaji, dalali wa kule, dalali wa hapa Tandale. Halafu yanaingia mashineni Manzese, yanakobolewa, pumba inatoka, ndiyo yawe sembe. Gharama zote hizo zipo pale pale hata kama mkulima kauza kwa bei ya kutupa. Na kijijini bei ikianguka, wapo wenye mtaji wanaojaza maghala wakisubiri Januari. Sisemi ni wezi, ni biashara. Lakini mwenye njaa mjini hakusaidiwa.

Niseme na hili, ingawa wenzangu watanichukia: lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ipo. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Huko vijijini bado yanashonwa ya debe saba, kilo 120 na kuendelea, kwa bei ya gunia moja. Mkulima akiuza gunia ishirini za namna hiyo, ametoa kilo 400 bure. Gunia nne! Hizo ndizo zingemnunulia mbolea.

Mchangiaji, Tabata

Mimi naunga mkono kufunga. Chakula ni usalama wa nchi. India walizuia mchele mweupe mwaka 2023, hakuna aliyewacheka. Kwa nini sisi ndio tuwe wema kupita kiasi?

Mwanzisha mada, Sinza

Mkuu wa Tabata, mfano wa India ni mzuri, ila uumalizie. Kule serikali hutangaza bei ya chini ya nafaka kabla ya msimu na kununua tani nyingi sana kwa bei hiyo. Mkulima anapofungiwa soko la nje, walau ngano na mchele wake una pa kwenda. Sisi tunafunga kwanza, mnunuzi anatafutwa baadaye.

Dada wa Mbagala, haki yako ya kula ni kubwa na sitaki kuipita juu juu. Jibu langu ni NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Wakala huu ulianzishwa 2008 kwa kazi hiyo hiyo: kununua mavuno yakiwa mengi, kutoa yakipungua. Mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023 ulipeleka mahindi kwa bei ya chini ya soko kwenye maeneo yenye upungufu. Hiyo ndiyo njia. Fedha ya kumlinda mlaji itoke kwenye hazina ya taifa, isitoke mfukoni mwa mtu wa ekari mbili. Na soko la nje likitumika vizuri linalipa: mwaka 2024 Zambia ilipopigwa na ukame, yalifikiwa makubaliano ya kuwauzia tani 650,000. Mpaka ungekuwa umefungwa, wangenunua kwingine na wangezoea huko.

Mzee, Ilala

Vijana, miaka ya sabini Shirika la Usagishaji lilinunua kwa bei moja nchi nzima. Aliyekuwa Songea alilipwa sawa na aliye karibu na Dar. Ndiyo maana Ruvuma na Rukwa zikawa mikoa ya mahindi. Lakini malipo yalichelewa, magendo yakashamiri, na shirika likazama kwenye madeni. Kwa hiyo msiseme "serikali inunue" mkaishia hapo. Semeni inalipa lini.

Mwenyeji wa Mbozi, naishi Kimara

Shikamoo mzee, umegusa penyewe. Mnazungumzia mpaka kana kwamba mkulima wetu anafika mpakani. Nyumbani watu wanauza Juni na Julai, bei ikiwa chini kabisa, kwa sababu ada, deni la mbolea na msiba havingoji. Wengine wameshauza mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Januari wanarudi kununua debe kwa bei ya juu.

Na anayeweza kusubiri anaogopa dumuzi, yule tunayemwita scania. Miezi michache tu gunia linabaki unga na matundu. Mifuko ya tabaka tatu, ile wanayoiita kinga njaa, inafanya kazi bila dawa yoyote, wadudu wanakosa hewa wanakufa. Ila lazima mahindi yakauke kwanza hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, la sivyo yanaota ukungu humo humo. Msilichukulie poa suala hilo. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu huo, iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ikafunga mlango kwa mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu hiyo hiyo, kisha ikafungua ndani ya siku chache kwa masharti ya vyeti. Maturubai ya kuanikia, kipima unyevu kimoja kwa kijiji, ghala la chama linalopokea kwa mizani: hivyo vingembadilisha baba yangu kuliko hotuba yoyote ya mpaka.

Mwanzisha mada, Sinza

Nakubaliana nawe, na naongeza: ghala hilo litoe stakabadhi anayoweza kukopea, ili ada ilipwe Julai na mahindi yauzwe Novemba. Sheria ya stakabadhi ghalani ipo tangu 2005. Lakini benki ikopeshe vipi kwa dhamana ya gunia ambalo bei yake inaweza kukatwa nusu kwa tangazo la siku moja? Ndiyo maana narudi kwenye mpaka. Serikali itangaze kabla ya kupanda: mahindi sokoni yakipungua chini ya kiasi fulani, NFRA itauza kiasi fulani cha akiba yake, na mpaka hauguswi. Kila mtu aingie shambani anajua.

Mama lishe, Mbagala

Sijakubali yote. Mwaka wa ukame mkubwa bado nitataka mahindi yabaki. Lakini kama NFRA ina ghala Kipawa, kwa nini akiba ikitolewa inapita kwa wenye mashine kubwa, isifike kwetu? Sisi tuko kikundi, tumesajiliwa, tunaweza kuchanga tukachukua tani kadhaa na kusaga wenyewe. Anayejua utaratibu wa kuomba auandike hapa, nitakuwa naangalia jioni nikishafunga.