Niwafundisheje akina mama afya ya ngozi kwa WhatsApp bila kujigeuza daktari?

Mhudumu wa afya ya jamii, Morogoro
Habari za kazi, ndugu zangu. Ninasimamia kundi la WhatsApp la akina mama wa kata yetu, tulilolianzisha ili kuelimishana juu ya ngozi, hasa madhara ya mkorogo. Nikiweka maelezo marefu hayasomwi, ilhali muuza krimu akiweka picha mbili za uso, ya kabla na ya baada, maswali ya bei hufuatana hadi usiku. Tena wengine hunitumia picha za vipele vya watoto wakitaka niwatajie dawa. Nifanyeje ili elimu iwafikie?

Muuguzi, kliniki ya ngozi, Moshi
Dada, usitaje dawa kwa kuangalia picha ya simu, hata ukiamini umeutambua ugonjwa. Fangasi na ukurutu huweza kufanana pichani, lakini krimu yenye steroidi, ambayo hutuliza ukurutu, huwapa fangasi nafasi ya kuenea: mwasho hupungua kwa siku chache, mama hufurahi, kisha doa hurudi likiwa pana zaidi na limebadilika sura kiasi cha kumtatiza hata mtaalamu. Wafundishe lini waende kituoni, yaani mtoto akiwa na homa, usaha, au vidonda vya macho na mdomo. Kuhusu upele unaowasha zaidi usiku, waambie kwamba watu wote wa nyumba moja hutibiwa kwa pamoja, hata wasiojikuna, vinginevyo utaendelea kuzunguka humo humo. Tafadhali tumia pia picha za ngozi nyeusi, kwa sababu wekundu unaotajwa vitabuni, kwenye ngozi zetu mara nyingi huonekana kama weusi uliokolea, kijivu au zambarau.

Mfamasia, Dar es Salaam
Naunga mkono. Kwa muuza krimu, mimi ningejibu kwa picha ya lebo, nikizungushia duara jina la hidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), zebaki au klobetasoli (steroidi kali), na chini yake sauti ya dakika moja inayoeleza kwamba zebaki huharibu figo na humfikia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliruhusu mwanzoni kiwango kidogo sana cha zebaki katika vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama ziliamua kwamba kisiruhusiwe kabisa kuanzia 2025. Krimu isiyo na lebo, inayopimwa kwenye kikopo, haifai kupakwa hata kama aliyeileta ni jirani mwema. Na anayetaka kuacha steroidi aliyoipaka kwa miezi mingi aonane kwanza na daktari, maana ngozi huweza kuwaka na kuvimba anapoikatisha ghafla.

Mzazi, Mwanza
Nina mtoto mwenye ualbino, na ninaomba somo la jua lisisahaulike: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, na kupeleka mapema kidonda kisichopona. Ujumbe wa sauti ndio uliomfikia mama mkwe wangu, ambaye hasomi. Zaidi ya yote, weka sharti kwamba picha ya mtoto isisambazwe nje ya kundi bila ridhaa ya mzazi, na uso wake usionekane.